Makasia ya Bumbire

Sisi wa Ijumbi twaijua Bumbire, kisiwa cha ziwa Victoria kilicho katika wilaya yetu ya Muleba. Mwezi wa Aprili, 1875, mashua ya msafiri Henry Stanley, iitwayo Lady Alice, ilifika huko kutafuta chakula. Ilikuwa na tanga na makasia, na mabaharia wake wengi walikuwa Waungwana wa Unguja.

Watu wa kisiwa waliikokota mashua hata nchi kavu, wakayatwaa makasia. Walijua walifanyalo, maana tanga hungoja upepo, bali kasia huenda kwa mkono wa mtu. Mabaharia wakaisukuma mashua majini. Je, sasa iendeshwe kwa nini? Wakang'oa mbao za sakafu yake. Ubao wa namna ile si kasia, kwa kuwa kasia huegemea ubavu wa mashua. Lakini waweza kuwa kafi, lishikwalo mikononi tu. Wakachagua kilichofaa saa ile, wakaokoka, huku Stanley akiwapiga kwa bunduki waliowafuata kwa mitumbwi.

Habari ingekoma hapo, tungeisifu tu akili ya mabaharia wale. Lakini mwezi wa Agosti Stanley alirudi na mitumbwi na bunduki nyingi, akawapiga watu waliosimama ufuoni, naye yu majini mbali nao. Wengi wakafa. Hata Uingereza wako waliomlaumu.

Makasia yalipatiwa badala siku ile ile. Waliouawa hawakupatiwa badala hata leo.