Puto na stenti katika ateri za chini ya goti

Puto na stenti ni njia mbili za kufungua ateri zilizoziba kati ya goti na kifundo cha mguu bila kupasua mguu. Katika njia ya kwanza, puto dogo hujazwa ndani ya mshipa ili kuupanua, kisha hutolewa. Katika ya pili, kijibomba cha wavu wa metali kiitwacho stenti huachwa ndani ili mshipa usisinyae tena. Lengo ni moja: damu ifike unyayoni kabla kidonda hakijalazimisha mguu kukatwa.

Chanzo cha tatizo

Chini ya goti kuna ateri kuu tatu: ya muundi mbele, ya muundi nyuma na ya fibula. Ni nyembamba, zenye kipenyo cha milimita 2 hadi 4 hivi. Kisukari, tumbaku, shinikizo la damu na ugonjwa wa figo huzijaza mafuta na chokaa. Kisukari huleta hatari ya ziada kwa sababu huharibu pia neva: mtu anaweza kukanyaga mwiba au kipande cha kombe ufukweni asihisi chochote. Jeraha hilo dogo likikosa damu haliponi, na vidole huweza kuwa vyeusi.

Historia

Mwaka 1964 daktari Charles Dotter wa Portland, Marekani, alifungua ateri ya paja ya mwanamke mzee aliyekataa kukatwa mguu. Alitumia vijiti vya plastiki vya unene tofauti, kimoja baada ya kingine. Puto lilikuja miaka kumi baadaye, pale Andreas Grüntzig alipolitumia mguuni huko Zürich mwaka 1974. Alilipeleka katika mishipa ya moyo mwaka 1977 tu. Kwa hiyo tiba inayojulikana zaidi kwa moyo ilianzia mguuni.

Ulinganisho

Puto ndilo huanza kutumika katika hali nyingi. Linafaa hata pale ateri ilipoziba kwa urefu mkubwa, tena haliachi kitu ndani. Udhaifu wake ni kwamba ukuta wa ateri huweza kurudi ulipokuwa au kuchanika, na kuziba tena ndani ya miezi michache ni jambo la kawaida.

Stenti hutumika zaidi kama kinga pale puto lilipochana mshipa. Zinazopakwa dawa ya kuzuia kovu hubaki wazi muda mrefu kuliko zile za metali tupu, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya moyo na ni fupi. Karibu na kifundo, mguu hujikunja na stenti huweza kubonyea. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2018 iliona kwamba stenti hufanikiwa zaidi kufungua mshipa siku ya tiba, ila haikuona tofauti ya wazi katika ukataji mkubwa wa mguu wala vifo.

Utafiti wa LIFE-BTK wa mwaka 2023, wenye wagonjwa 261, ulijaribu kijibomba chenye dawa ambacho huyeyuka chenyewe. Baada ya mwaka mmoja, 74% ya waliowekewa hawakupata tatizo lililopimwa, dhidi ya 44% ya waliotibiwa kwa puto. Tofauti hiyo ilitokana hasa na mshipa kubaki wazi, wala si idadi ya miguu iliyookolewa. Mara nyingi habari hii husimuliwa bila kutaja hilo.

Hali ya Bagamoyo na Pwani

Bagamoyo ina hospitali ya wilaya, na hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani ni Tumbi, Kibaha. Vyumba vya kupiga picha ya mishipa na kuingiza katheta viko Dar es Salaam, katika Muhimbili na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka mji wa Bagamoyo. Muhimbili ilianza mwaka 2018 kufundisha tiba za namna hii ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Yale.

Kwa mgonjwa wa Mapinga au Saadani, umbali huo huathiri hata uchaguzi wa kifaa. Baada ya stenti, kwa kawaida hutumiwa aspirini pamoja na klopidogreli kwa miezi kadhaa, na kuziacha ghafla huweza kugandisha damu ndani yake. Puto likishindwa, mgonjwa hulazimika kurudi Dar es Salaam kupanuliwa upya.

Lakini wengi hawafiki kwenye uchaguzi huo, kwa kuwa huja kidole kikiwa tayari kimeoza. Zahanati inaweza kugundua mapema kwa vidole tu: kupapasa mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Kipimo cha kulinganisha shinikizo la damu la kifundo na la mkono husaidia pia, ingawa kwa mwenye kisukari chokaa hufanya ateri iwe ngumu, na namba ikaonekana nzuri huku damu haipiti.