Game of Thrones: Ilifika Kilele Msimu Gani?

Msee wa duka la muvi Makutano, Meru, ama pale Embu tao, atakujazia flashi misimu yote 8. Lakini iko wapi ile moto kabisa?

Jibu fupi: msimu wa 3 na wa 4, yaani 2013 na 2014.

Rekodi: HBO iliianza Aprili 2011 na kuifunga Mei 2019, jumla episodi 73.

Mbona hiyo miwili? Imetoka hasa kwa kitabu kimoja cha George R. R. Martin, A Storm of Swords, cha 2000. Humo ndio kuna harusi ya damu, kesi ya Tyrion na kifo cha Tywin. Kila pigo lina chanzo chenye ulikuwa umeshaona.

Ikaharibikia wapi? Abiria wa Embu–Meru anajua: Runyenjes, Chuka, Nkubu, ndio uingie Meru. Msimu wa 3 uko hivyo. Jaime na Brienne wanasota njiani karibu msimu mzima, Jaime anakatwa mkono, na anafika akiwa mtu mwingine. Kufika msimu wa 7, vitabu vilikuwa vimeshapitwa, na watu wanavuka bara kwa episodi moja. Waliruka steji.

Na tuzo? Emmy ya drama bora ilikuja mara ya kwanza 2015, kwa msimu wa 5. Tuzo zilichelewa. Battle of the Bastards ya 2016 ni noma, ukweli usemwe, lakini vita pekee haibebi stori.

Flashi ikiwa ndogo, anza na 1 hadi 4.