Maziwa na Matofaa: Shamba la Wanyama na Mwaka wa 1967

Mwaka 1967 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell kilichotolewa London mwezi Agosti 1945. Februari ya mwaka huohuo wa 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa nchini Tanzania. Sadfa hiyo yastahili kuangaliwa.

Katika sura kumi za Orwell, wanyama wanamfukuza mwenye shamba ili wagawane matunda ya jasho lao. Mgawo unaharibika mapema, kabla ya vita na njaa. Mara baada ya mapinduzi ng'ombe wanakamwa. Jioni maziwa hayapo. Baadaye inajulikana kuwa yametiwa katika chakula cha nguruwe, na matofaa nayo yanafuata. Msemaji wa nguruwe hakanushi. Aeleza kuwa wengi wao hata hawavipendi vitu hivyo. Wanavila kwa faida ya wote, kwani wao ndio wenye kufikiri.

Katika ngano za fisi, ulafi hauna utetezi, na aghalabu mlafi huumbuliwa. Mlafi wa Orwell ana hoja, na wenzake wanaikubali. Azimio nalo liliihofia tamaa ya wakubwa: lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, au nyumba za kupangisha. Hivyo kisa kilichotungwa kwa ajili ya Urusi kilimfikia msomaji wa Kiswahili kikiwa na swali lililomhusu: maziwa yamekwenda wapi?