Msomi wa elimu aliyeacha chaki akashika karata

UE zimeisha juzi, mwili bado unadai usingizi. Leo sina umbea wa kantini wala foleni ya bumu, nawaletea historia ya Doyle Brunson, Mmarekani wa Texas aliyezaliwa 1933 na kufariki 2023. Kwa nini yeye? Alisoma elimu kama sie! Alimaliza shahada ya uzamili ya utawala wa elimu mwaka 1955, akaishia kuuza mashine za ofisini. Siku ya kwanza kazini akakaribishwa kwenye meza ya poka, akaondoka na zaidi ya mshahara wa mwezi. Shule ikamkosa hapohapo.

Miaka ya 1960 alizunguka Texas na wenzake wawili, Amarillo Slim na Sailor Roberts, kwenye michezo ya siri isiyoruhusiwa na sheria. Haikuwa ya kugombea kombe. Ni hela mezani, unaingia na kutoka utakapo, na kesho unakutana na walewale. Hapo jinsi watu wanavyokuona inakuwa mtaji, maana wanakumbuka ulichofanya jana.

Brunson alitaka aonekane mtu wa fujo. Tuseme kwa shilingi zetu: mara kumi anapandisha dau, wenzake wanatupa karata, kila mara anaokota elfu mbili. Hiyo elfu ishirini. Mara ya kumi na moja kuna aliyechoka kuonewa, anamfuata. Brunson akishindwa, kwa sehemu kubwa anapoteza hela za haohao. Na kama safari hii karata zake ni za kweli, analipwa na mtu ambaye mbele ya mchezaji mpole angeshakimbia. (Mpole naye ana lake: akizuga mara moja tu kwa usiku mzima, meza yote inamwamini.) Mike Caro, aliyecheza sana huko Gardena, California, akafundisha hivyo hivyo: uonekane mcheshi na kichaa, watu wakulipe huku wanacheka.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Brunson akajichapishia kitabu, Super/System, siri zote nje. Baadaye alikiri kwamba kilimpotezea hela nyingi kuliko kilichomwingizia. Wapinzani walikisoma, wakaacha kumkimbia.

Hapo nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Chumbani kwetu mimi ndiye mpole, tunachezea visoda vya soda. Usiku mmoja mwezi uliopita nikapandisha dau na karata za hovyo kabisa, rumeti wangu akatupa jozi ya wafalme. Badala ya kukaa kimya, nikafunua zangu, tukacheka hadi jirani akagonga ukuta. Tangu siku hiyo hakuna anayenitupia karata, hata nikiwa na kitu.

Sawa, visoda tu. Ila wiki iliyopita nyumbani wakapiga simu, mama amelazwa, na mimi bumu limekata. Nikamwomba rumeti nauli. Akanitazama usoni, akatabasamu: "Acha kuzuga bwana."

Ilibidi nimpe simu aongee na dada yangu. Nauli alinipa, na mama ameruhusiwa jana, anaendelea vizuri. Karata bado ziko juu ya kabati.