Unasihi Shuleni

Unasihi shuleni ni huduma ya kumsikiliza mwanafunzi, kumsaidia aielewe hali yake na kumwongoza hadi apate mwenyewe njia ya kutoka alipokwama, iwe ni katika masomo, nyumbani, bwenini au moyoni. Nchini Kenya watu husema ushauri nasaha. Nchini Tanzania jina lililozoeleka serikalini ni ushauri na unasihi. Mtoa huduma huitwa mnasihi, ingawa wanafunzi humjua zaidi kama mwalimu wa malezi, patroni au matroni.

Jambo lenyewe si geni. Katika jamii za pwani msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa somo au kungwi, na mvulana wa jando alikuwa na nyakanga wake. Msichana aliweza kumuuliza somo yale ambayo asingethubutu kumtamkia mama yake. Shule iliyachukua mafunzo ya mtoto na saa zake nyingi za mchana, lakini kiti cha somo kikabaki kitupu kwa miaka mingi.

Kenya ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha katika Wizara ya Elimu mwaka 1971. Miaka 30 baadaye, mwezi Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, liliteketea usiku na wavulana 67 wakafa. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku viboko shuleni, na walimu wakatakiwa kuzungumza na wanafunzi badala ya kuwachapa. Wengi walipewa kazi hiyo bila mafunzo ya kutosha na bila kupunguziwa vipindi. Mwalimu wa Hesabu mwenye madaftari 200 ya kusahihisha hawezi kumpa mtoto anayelia zaidi ya dakika chache za mapumziko.

Tanzania haijaondoa kiboko. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vinavyotolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Hapo ndipo unasihi unapopata kikwazo chake kikubwa. Mwalimu aliyeshika fimbo asubuhi wanafunzi wakiwa mstarini, jioni hutarajiwa kusikia siri za mtoto yuleyule. Kazi hizi mbili hazifai kukaa katika mkono mmoja, na shule yenye walimu wa kutosha haina sababu ya kuzichanganya. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kitaifa wa unasihi na ulinzi wa mtoto kwa shule na vyuo vya ualimu.

Mahali pa kuzungumzia huamua mengi. Katika shule nyingi mnasihi hana chumba. Hutumia kona ya ofisi ya walimu au stoo yenye ramani zilizokunjwa, mipira na majembe. Mtoto akiingia, kila aliye uwanjani anamwona. Sanduku la maoni nalo mara nyingi hutundikwa mbele ya mlango wa mkuu wa shule, na ufunguo wake hukaa ndani ya ofisi hiyohiyo. Sanduku likihamishiwa karibu na vyoo vya wasichana au njia ya maktaba, karatasi huanza kuingia: nyingine zimeandikwa kwa herufi kubwa tupu ili mwandiko usitambulike, nyingine zina sentensi moja tu.

Upande wa masomo, kazi ya mnasihi huanza kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Mtoto anayeitwa mzito huenda haoni ubao. Wanafunzi wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na mwanga mkali huwaumiza macho. Kumweka mmoja wao kiti cha mbele mbali na dirisha na kumpa maandishi makubwa kunaweza kubadili matokeo yake bila gharama kubwa. Chuo cha Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Kenya ilianza mwaka 1984 kufungua vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwashauri wazazi wao. Hata hivyo, mtu wa kwanza kugundua tatizo ni mwalimu wa darasa anayeona daftari la mahudhurio likijaa alama za utoro kila siku ya gulio.

Katika kidato cha nne huja suala la tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita. Mwaka 2024 Tanzania ilitangaza tahasusi mpya 49 na kufikisha jumla ya 65, hivyo mwanafunzi anayejaza fomu akimfuata rafiki tu ana njia nyingi zaidi za kupotea. Mwingine anayehitaji mtu wa karibu ni msichana aliyerudi darasani baada ya kujifungua, ruhusa iliyotangazwa nchini Tanzania tarehe 24 Novemba 2021. Ruhusa humfikisha langoni. Minong'ono ya dawatini na maziwa yanayojaa katikati ya kipindi vinahitaji mwalimu anayejua kumtoa darasani bila kumtangaza.

Siri ndiyo nguzo ya kazi hii, lakini ina mpaka. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa serikali ya eneo lake. Mnasihi mwema humweleza mtoto jambo hilo mwanzoni, kabla hajafungua kinywa, asije akajiona amesalitiwa. Nje ya shule ipo namba 116, simu ya msaada kwa watoto inayopigwa bure Kenya na Tanzania. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo mtoto anayetaka kuipiga hulazimika kwanza kuomba simu kwa mtu mzima, na huenda huyo ndiye anayetaka kumlalamikia.