Bahari ni Barabara ya Nani? Fundisho la Usafiri wa Meli Nchini Indonesia

Nchi ya bara hujenga reli na barabara hatua kwa hatua. Nchi ya visiwa haina nafasi hiyo: mchele, chumvi, barua, mwalimu na askari, wote hupita baharini. Kwa hiyo, katika nchi ya namna hiyo, kuuliza nani anamiliki meli ni kuuliza nani anatawala. Indonesia, yenye visiwa zaidi ya 17,000, ni mfano wa kuchunguzwa.

Kabla ya meli za moshi wenyeji walikuwa na usafiri wao. Mabaharia wa Kibugisi wa Sulawesi walisafiri kwa pepo za msimu, kama wenye majahazi wa pwani yetu, wakibeba shehena na watu kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mwaka 1888 makampuni mawili ya meli ya Kiholanzi yaliunda kampuni ya KPM, iliyoanza kazi mwaka 1891 kwa mkataba na serikali ya kikoloni. Ilipewa barua na mizigo ya serikali. Kazi yake ilikuwa kukusanya mazao ya visiwani na kuyaelekeza kwenye bandari kubwa za Java, badala ya kuyaacha yaende Singapore iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1894 meli zake zilibeba majeshi yaliyokwenda kuiteka Lombok. Hapo tunaona wazi kuwa biashara na bunduki vilisafiri katika meli moja.

Uhuru ulitangazwa tarehe 17 Agosti 1945, na Uholanzi ikautambua Desemba 1949. Lakini mapatano ya mwaka huo yalilinda mali za Waholanzi. Bendera ilibadilika, meli zikabaki zile zile. Mwaka 1952 serikali iliunda shirika la umma la PELNI, lakini lilikuwa dogo mno mbele ya KPM.

Mgogoro wa Irian Magharibi ulipopamba moto, tarehe 3 Desemba 1957 wafanyakazi waliteka makao makuu ya KPM mjini Jakarta. Siku kumi baadaye, Waziri Mkuu Djuanda alitangaza kuwa maji yote yaliyo kati ya visiwa ni ya Indonesia. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1939 ilikuwa imekipa kila kisiwa maili 3 tu za bahari. Msimamo huo wa Djuanda uliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982.

Hata hivyo, kiwanda hakiwezi kukimbia, meli huweza. Meli za KPM zilizokuwa baharini ziliamriwa kwenda bandari za nje, na zilizozuiliwa bandarini ziliachiliwa mwaka 1958. Umma ulirithi ofisi na maghala, mtaji ukang'oa nanga. Visiwa vya mbali vikapata shida ya bidhaa, na taifa likalazimika kukodi na kununua meli nje.

Je, wafanyakazi walikosea? Hapana. Kosa lilikuwa miaka minane iliyopita bila kuandaa manahodha, mafundi na meli za kutosha. Haki bila maandalizi huleta njaa, na maandalizi bila uamuzi huendeleza utumwa.

Mwaka 1974 zilianza safari zinazolipiwa ruzuku kwenda visiwa visivyo na faida kwa mfanyabiashara, na mwaka 2005 serikali ikaagiza shehena za ndani zibebwe na meli za taifa. Lakini tatizo moja halijaisha: meli huenda mashariki zikiwa zimejaa na kurudi Java zikiwa na nafasi tupu, kwa sababu viwanda vimejazana Java. Meli hubeba kile kinachozalishwa. Haiwezi peke yake kusawazisha uzalishaji.

Basi, kada na mwanafunzi wakumbuke: kumiliki njia ya usafiri ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni ujuzi wa kuiendesha. Ya tatu, iliyo ngumu zaidi, ni kuhakikisha kila kisiwa kina cha kupakia.