Dondashavu

Katika kituo cha bodaboda cha Mundika, kilomita chache kabla ya kuingia mji wa Busia ukitokea Kisumu, neno noma husikika tangu alfajiri. Petroli ikipanda bei, ni noma. Askari wa trafiki wakijipanga mbele ya magari ya mizigo yaendayo mpakani, ni noma. Timu ikisawazisha dakika ya mwisho, mfungaji naye ni noma. Ni neno la vijana wa mitaani, linaloeleweka kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, na ndani yake zimo shida, hatari na sifa kwa pamoja. Msikilizaji huchagua maana kwa kumtazama msemaji usoni.

Neno hilohilo ni jina la kitabibu la ugonjwa unaokula mashavu ya watoto.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza noma katika orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, baada ya kampeni iliyoongozwa na Nigeria. Ukiisoma orodha hiyo kwa Kiswahili unakutana na majina yenye umri: matende, kichocho, vikope, malale, ukoma. Mawili ya mwisho hayahitaji mkalimani Busia. Alupe, kwenye barabara ya kuelekea Malaba, wagonjwa wa ukoma na wa malale walihudumiwa miaka mingi, na wazee wa huko hutaja magonjwa hayo kama watu wanavyotaja majirani waliohama. Noma umeingia orodhani bila jina la kwetu, na jina uliokuja nalo tayari lina kazi nyingine kijiweni.

Mhudumu wa afya ya jamii akimwambia mama wa Bukhayo, "Mama, mtoto anaweza kuwa na noma," mama atasikia kwamba mtoto ana shida. Hilo alikwisha kulijua. Ndilo lililomtoa nyumbani.

Asili ya jina ni Kigiriki, nomē, lenye maana ya malisho. Matabibu wa kale waliliazima kwa kidonda kinachosambaa huku kikila nyama, kama mifugo inavyoimaliza nyasi upande mmoja na kusogea upande wa pili. Karne ya 17 madaktari wa Uholanzi walikuwa wakilitumia kwa donda la uso. Ni jina zuri kwa anayejua Kigiriki. Kwa Kihausa, noma maana yake ni kulima, na Sokoto, kaskazini mwa Nigeria, ndiko kuna hospitali ya noma iliyofunguliwa mwaka 1999, kati ya wakulima wanaozungumza Kihausa. Lugha mbili kubwa za Afrika zimegongana na istilahi ileile, kila moja kwa njia yake.

Ugonjwa wenyewe huanzia mahali padogo. Ufizi wa mtoto, mara nyingi wa miaka 2 hadi 6, huwa mwekundu, huvuja damu, kisha huota kidonda kinachooza. Kinywa hunuka kwa namna ambayo mama hawezi kuikosa. Baada ya siku chache shavu huvimba. Kisha doa jeusi hujitokeza kwenye ngozi, nyama iliyokufa hudondoka, na meno huonekana kupitia tundu. Hauambukizwi na mtoto mwenzake. Hushika mwili uliochoshwa na njaa, surua, malaria au upungufu wa kinga, kwa bakteria ambao wengi wao huishi kinywani siku zote. Usipotibiwa, hadi watoto 9 kati ya 10 hufa. Ukiwahiwa kwenye ufizi, dawa za kawaida za kuua bakteria, kusafisha kinywa na chakula cha kujenga mwili hutosha kuusimamisha.

Ulaya iliujua. Ulitoweka huko chakula kilipoongezeka, kabla hata ya penisilini, ukarudi katika kambi za Wanazi za Auschwitz na Bergen-Belsen. Mahali watu wanaposhindishwa njaa, donda hili hurejea.

Kuelewa kinachopotea, inafaa kulitazama shavu lenyewe. Kwa mpasuaji ni ukuta wa matabaka: ngozi, mafuta, msuli, na ndani kabisa utando laini unaotoa ute. Msuli wake mkuu kwa Kilatini umepewa jina la mpiga baragumu, kwa sababu ndio unaobana hewa mtu anapopuliza. Anayepuliza moto wa kuni jikoni asubuhi anautumia, na mtoto anayekula ugali anautumia pia, maana ndio unaolirudisha tonge chini ya magego lisijifiche pembeni. Ukuta huo hupitiwa na mfereji wa mate unaotoka kwenye tezi iliyo mbele ya sikio. Niels Stensen, Mdenmark, aliuona mwaka 1660 alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo mjini Amsterdam. Mdomo wa mfereji huo uko mkabala na gego la pili la juu, na ncha ya ulimi ikipapasa hapo hukuta kivimbe kidogo. Tezi hiyo ndiyo inayofura mtu akipata matubwitubwi, jina linalojaza kinywa kama ugonjwa unavyolijaza shavu.

Shavu likitoboka, vyote hivyo huvurugika: mate humwagika, chakula hutoka, sauti za p na b hukosa hewa ya kuzisukuma. Kovu likikaza, taya hufungika na mtoto hawezi tena kupanua kinywa.

Je, neno shavu latosha kuubeba ugonjwa huu? Katika Kiswahili shavu lina makazi mengi. Kuna shavu la mguu na shavu la mkono, ile minofu inayojitokeza mtu akijikaza. Samaki naye ana mashavu. Mnunuzi wa ngege wa Port Victoria hulifunua kwanza kuona kama bado ni jekundu. Hata hivyo hakuna mama atakayeambiwa "shavu la mtoto" akatazama mguu.

Lipo neno la pili, na kwa msikilizaji wa Mundika lina utamu wa pekee. Kiswahili kinasema kushika tama, yaani kuegemeza shavu kiganjani kwa huzuni au fikra nzito. Wengi wanaousema msemo huo hawajui tena kwamba tama ni shavu. Neno limebaki limeganda ndani yake. Kwa Waluhya halikuganda: shavu ni litama, nalo hutumika kila siku. Kwa Waganda ng'ambo ya mpaka ni ettama. Mtoto wa Busia anayejifunza msemo huo darasani analo neno tayari kwa lugha ya bibi yake, ikiwa tu mwalimu atamwonyesha.

Kwa sababu hiyo inavutia kupendekeza dondatama. Mwandishi wa makala haya amelipima mara nyingi na kuliacha kwa masikitiko. Muiteso wa Amagoro au Malaba, ambaye kinywa kwake ni akituk, hana tama katika lugha yake. Na msomaji wa Pwani atalisikia kama fumbo. Istilahi ya afya haina nafasi ya fumbo.

Nusu ya kwanza ya neno haina ubishi. Kidonda kikiondolewa ki- huwa donda, kikubwa na cha kutisha, na Kiswahili kimekwisha kuunda majina ya magonjwa kwa mpango huo. Lipo dondakoo, ambalo kila kliniki ya chanjo inalijua. Lipo dondandugu, donda sugu linaloenea na kukataa kupona, ambalo kwa maana limekaribia kabisa kile Wagiriki walichokiona malishoni. Dondashavu linafuata nyayo hizo bila kulazimishwa. Linasema ni donda, ni kubwa, na liko wapi. Mtu aliyelisikia mara moja anaweza kulieleza kwa jirani.

Lina kasoro moja, nayo ni nzito. Linamwelekeza mama atazame shavu, na shavu likishavimba siku za thamani zimepita. Hapo ndipo jina moja haliwezi kumaliza kazi. Hatua ya mwanzo inahitaji jina lake, na dondafizi ndilo linalostahili: fupi, na ndugu wa dondashavu kwa sura. Mhudumu akiyashika yote mawili, sentensi moja inabeba somo zima: dondafizi lisipotibiwa huwa dondashavu.

Majina hayo yanataka pia nidhamu kwa maneno ya jirani. Uvimbe wa uso wa mtoto una vyanzo vingi katika ukanda huu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya za juu na chini, pande zote mbili. Makala yake ya 1958 ndiyo iliyoitambulisha kwa ulimwengu saratani inayoitwa kwa jina lake leo, na ambayo huandamana na maeneo ya malaria nyingi kama haya ya Ziwa. Saratani hiyo huvimbisha taya. Dondashavu huanzia nyama ya ufizi. Jino bovu nalo huweza kulifurisha shavu usiku mmoja. Anayeandika "mdomo umevimba" ameviunganisha vyote vitatu. Busia hilo hutokea kwa urahisi, kwa kuwa omunwa wa Kiluhya ni mdomo na ni kinywa pia, na Kiswahili cha huko hufuata mkondo huo. Kwenye daftari la kliniki mdomo ubaki kwa midomo. Kinywa kiwe chumba chenyewe, fizi, ulimi, kaakaa na upande wa ndani wa mashavu.

Jina noma halina haja ya kufutwa. Kwenye karatasi ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti ndilo daktari atakalolielewa haraka, na ndilo litakalohesabiwa Geneva, kwenye Shirika la Afya Duniani. Barazani pa mama ni mahali pengine. Hapo mhudumu hunawa mikono, huuinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole gumba, humulika kwa tochi ya simu, hutazama ufizi ulioota ukungu wa kijivu na kuvuja damu, kisha humgeukia mama: "Hili ni dondafizi. Halijafika shavuni. Tumpeleke leo."